Axinia Burlacu na Mifagi ya Dosu

Axinia Burlacu alishika nyundo ya msitu wa Lunceni kwa miaka kumi na tisa. Nyundo yenyewe ni ya chuma: upande mmoja ina makali ya kuchunia gome, upande wa pili ina chapa ya ushirika. Mlinzi akiuridhia mti, huuchuna kidogo karibu na ardhi, hupiga chapa, na mti huo tu ndio unaoruhusiwa kukatwa. Msitu wetu ni wa wote. Katika mkutano mkuu kila mtu mzima ana kura moja, awe na kondoo mia au awe na paka peke yake. Mlinzi huchaguliwa humo, na hupewa nyundo pamoja na nyumba ya mbao iliyo mwisho wa kijiji, pale barabara inapoingia mitini.

Alipochaguliwa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mjane, mpana wa mabega, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini katika kikosi cha wanawake waliopanda misonobari ya serikali. Kupanda alikujua sana: shimo, mche, kisigino, hatua mbili mbele. Tukaona huyo ndiye. Hatukujiuliza kama anayejua kupanda msonobari anajua pia kuishi na mfagi.

Mfagi ndio mti wetu. Gome lake ni la kijivu, jembamba, laini kama shavu, na haliwi gumu hata mti ukifika miaka mia mbili. Mwaloni huvaa koti zito. Mfagi husimama na shati tu. Ndiyo maana hupenda kusimama kwa wingi, mmoja ukiukinga mwingine. Matawi hufungana huko juu, na wakati wa kiangazi chini yake huwa na giza ambalo hata nyasi haziliwezi. Wanaoliweza ni watoto wake mwenyewe. Kila baada ya miaka mitano au sita mifagi yote huzaa kwa pamoja, na mbegu zake za pembe tatu humwagika hadi nguruwe wa kijiji hushindwa kuzimaliza. Zinazobaki huota. Miche hufika kiunoni, hufika kichwani, kisha husimama hapo. Haifi wala haikui.

Hiyo miche ndiyo iliyomponza Axinia. Msimu wa kwanza wa baridi alipiga chapa kwa uangalifu, mti mmoja hapa, mmoja pale, akasifiwa sana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msimu wa pili kuni zilikuwa chache, na yeye kila siku alipita upande wa mlima unaotazama jua, ambao tunauita Fatsa, akiiangalia miche iliyokwama gizani. Alimwambia dada yake, "Wale watoto wanakufa kwa njaa ya jua, na mama zao wamekaa juu wanakula peke yao." Akaipiga chapa miti yote mikubwa ya mteremko mzima, akaacha kumi na mmoja tu iwe ya mbegu. Kijiji kilikata kwa furaha. Theluji ilipoyeyuka, Fatsa ilikuwa wazi kama ua uliofagiliwa.

Kufikia mwezi wa saba, ile kumi na mmoja ilikuwa imeungua. Gome lililolelewa kivulini lilipigwa na jua la alasiri, likawa jekundu, likapasuka, likaanza kubanduka vipande vipande upande mmoja wa shina. Kuvu ikaingia. Mwaka wa tano hakukuwa na hata mmoja uliosimama. Na ile miche iliyohurumiwa? Majani yake yaliyozoea giza yalikuwa membamba kama karatasi; yalikauka yote katika wiki mbili. Miiba ikafunika kila mahali, na mpaka leo ni miiba. Panaitwa Kipara cha Axinia, na mwanamume anayeanza kupoteza nywele hapa kijijini huulizwa kama Axinia amempitia na nyundo.

Katika mkutano uliofuata kuungua kule aliulizwa kilichotokea. Akajibu, "Ni ukame." Kweli mvua ilikuwa haba, kwa hiyo watu wakaitikia. Lakini alikuwa ameshaona kwamba mifagi ya ndani, iliyokuwa bado imeshikana mabega, ilipita ukame uleule bila jeraha. Alijua, akanyamaza. Kanuni ya ushirika ni fupi: mlinzi akikosea kwa kutojua, huonywa, akilificha kosa lake mbele ya mkutano, hurudisha nyundo. Na kila mwaka aliokaa kimya uliufanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi.

Alilofanya ni kubadilisha kazi yake. Aliacha kuiamini huruma yake, akaanza kutazama. Alikaa chini ya miti mchana kutwa, na kipande cha ugali baridi na jibini la kondoo mfukoni, akipima mwanga ulipoangukia saa tatu na ulipoangukia saa tisa. Dada yake alidhani amepatwa na ugonjwa wa huzuni.

Basi mwezi wa tatu wa mwaka wake wa kumi na tisa, mkutano mkuu ukakaa katika ukumbi wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa Neculai Bratosin, mume wa huyo dada yake, fundi wa paa, mtu mnyofu mwenye haraka. Aliingia na kijiti kilichong'olewa pamoja na mizizi yake, akakisimamisha mezani. Kilikuwa kirefu kidogo kumpita yeye, na unene wake haukuzidi kidole gumba.

"Jamani, tazameni," alisema. "Hiki kimetoka Dosu, upande wa kivuli. Shemeji yangu amekilinda miaka kumi na tisa. Siku anapewa nyundo kilikuwa hivi hivi. Mke wangu ana fimbo za kupandishia maharage ndefu kuliko hiki."

"Na fimbo hizo ulizikata kwenye msitu wa watu," Axinia alisema kutoka benchi la mbele.

Watu wakacheka. Neculai naye akacheka, lakini hakuachia. "Nisikilizeni. Dosu yote chini imejaa vijiti kama hivi. Havikui! Napendekeza tuikate yote msimu ujao, mikubwa kwa midogo, tupande misonobari. Miaka hamsini, wajukuu zetu wanaezeka nyumba. Mfagi utaezekea nini? Uache nje masika mawili, umeoza. Ni mti wa jiko na vijiko."

"Na bila vijiko mchuzi utaulia nini?" aliuliza Toader, ambaye huchonga vijiko na mabakuli kwa mfagi na kuyapeleka gulioni.

"Sisemi vibaya vijiko vyako, Toader. Nasema juu ya paa."

Ukumbi ulikuwa upande wa Neculai. Ungeweza kuona kwa vichwa vilivyokuwa vikiitikia. Axinia alisimama. Alimwomba Toader akikate kile kijiti chini kabisa na kuhesabu pete zake.

Toader alikata kwa msumeno mdogo, akalainisha mkato kwa kisu cha kuchongea, lakini pete hazikuonekana. Akaomba pombe ya plamu ya kuzilowesha zijitokeze. Chupa tatu zilimfikia kwa mkupuo. Alidondosha kidogo juu ya mti, akanywa kidogo, akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa ncha ya sindano. Alihesabu muda mrefu. Mara mbili alirudi mwanzo.

"Sabini na moja," alisema mwishowe.

"Sabini na moja nini?" aliuliza Neculai.

"Miaka. Huyu ni mkubwa kuliko wewe, mwenyekiti."

"Basi mpe shikamoo," alisema Axinia.

Kicheko kilipotulia, mama mmoja aitwaye Safta, mwenye duka la kijiji, akasema kutoka nyuma, "Mbona hilo ndilo baya zaidi! Kama ana miaka sabini na moja na kimo chake ni hicho, basi amedumaa. Mimi nina sitini na nane, na siongezeki. Napungua."

"Wewe unapungua wapi, Safta? Mlango wa duka unalalamika," mtu alidakia.

"Nyamaza wewe uliyesema, nimekujua kwa sauti."

"Mfagi haukui kwa umri, dada Safta," Axinia alisema. "Unakua kwa mwanga. Mama akiwa hai hapo juu, mtoto anakula makombo, anaongeza pete nyembamba kama unywele, anangoja. Mama akiondoka, ndipo naye anaondoka. Hata akiwa na miaka sabini."

"Umeona wapi?" Neculai aliuliza.

"Dosu. Jumapili twendeni nikuonyesheni."

Kwetu jambo la mteremko huamuliwa juu ya mteremko wenyewe. Wanaokubali husimama juu ya njia, wanaokataa husimama chini yake, mwenyekiti huhesabu. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, karibu watu mia moja walipanda Dosu. Theluji ilikuwa bado imelala mashimoni. Miti mikubwa ilikuwa mitupu, lakini ile midogo ilishikilia majani yake ya mwaka jana, makavu, ya rangi ya kahawa, yakipigapiga katika upepo. Mfagi mdogo hauyaachi majani yake hadi mapya yayasukume.

Njiani wakapita kando ya mfagi wenye jina lililochongwa kwa kisu. Jina lilikuwa SAFTA, na chini yake herufi N. Kila mtu kijijini analijua. Gome la mfagi halisahau kisu: maneno hubaki palepale kwenye kimo cha aliyeyachonga, hayapandi na mti, ila kadiri shina linavyonenepa nayo hutanuka.

"Kila mwaka unazidi kunenepa, Safta," mtu alisema.

"Mwulizeni mwandishi," alijibu Safta. "Mimi sikushika kisu."

Neculai aliongeza mwendo. Mke wake alikuwa akitembea nyuma yake kimya, na ule ukimya ulimharakisha zaidi.

Sasa, kila nyumba ya Lunceni hupata fungu lake la kuni karibu na barabara, ambako farasi hufika kwa urahisi. Axinia peke yake, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa akichukua fungu lake huku Dosu, mti mmoja kila msimu, akiuburuta kwa farasi wa kuazima kwenye mteremko ambao ulimfanya achekwe na kila aliyemwona. Hakumweleza mtu sababu. Baada ya Kipara, nani angemsikiliza akizungumza juu ya mwanga?

Aliwapeleka kwenye kisiki cha kwanza, cha miaka kumi na miwili iliyopita. Kilikuwa kimeshaoza, kidole kinazama. Kukizunguka kulikuwa na mifagi saba iliyonyooka, kila mmoja mrefu kama nyumba yenye dari. Hatua kumi kutoka pale, chini ya miti mikubwa iliyobaki, kulikuwa na vijiti kama kile cha mezani.

"Hii uliipanda," alisema Neculai.

"Sikupanda. Ilikuwa hapa. Ilikuwa fimbo za maharage."

"Thibitisha."

Axinia aliizunguka ile saba, akagusa mmoja baada ya mwingine. Kisha akauchagua mzuri kuliko yote, kwa sababu angechagua mbaya wangesema amechagua anachotaka. Aliupiga chapa, na Toader akauangusha. Mkato ukalainishwa, chupa ikatoka. Safari hii Neculai mwenyewe alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa akavaa miwani ya Toader.

Katikati ya mti kulikuwa na doa la rangi iliyoiva, unene wa kidole gumba, pete zake zimebanana hata hazihesabiki kwa macho. Kulizunguka doa hilo zilifuata pete pana, nyeupe, kila moja upana wa punje ya mahindi iliyolala ubavu. Neculai alizihesabu kwa sauti. Zilikuwa kumi na mbili.

Alibaki amepiga magoti. Kisha alivua kofia. "Shemeji," alisema, "nilikuwa mjinga."

Hapo Axinia angeweza kushukuru na kwenda nyumbani. Lakini Neculai, kama nilivyosema, ni mtu wa haraka. Alisimama, uso umemng'aa, akawageukia watu.

"Jamani! Hivi tunangoja nini? Mmeona wenyewe! Miche iko tayari, maelfu, hatuna hata haja ya kupanda. Tunaiondoa mikubwa yote msimu huu, yote kwa mara moja, na miaka kumi na miwili ijayo Dosu nzima iko hivi! Kuni za miaka mitano, na msitu mpya bure!"

Watu wakapiga kelele za kukubali. Kuna waliokuwa wameshaanza kupanda juu ya njia kabla hajaita kura. Hata Toader alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Axinia alitazama juu. Mifagi ya Dosu ilikuwa imesimama na mashati yake ya kijivu.

"Hapana," alisema. Sauti yake ndogo haikufika mbali. Akarudia, "Hapana, hapana. Ukifungua yote, itaungua. Miche na mikubwa utakayoiacha, yote."

"Mbona hapa haikuungua?"

"Hapa nilitoa mti mmoja. Jua linaingia kwa saa mbili, linatoka. Majani yana muda wa kujifunza. Majirani wanakinga gome la wenzao."

"Itaungua, itaungua! Nani ameona?" Neculai alikuwa mwema, lakini alishapata fikra. "Kila siku unasema mambo ambayo ni wewe tu umeyaona."

"Wote mmeona. Mmeona Kipara."

Watu hawakuwa wamezoea kumsikia akilitamka jina lile.

"Kipara ni ukame," alisema Neculai polepole. "Ulituambia mwenyewe."

"Niliwaambia. Haukuwa ukame." Alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili mbele ya tumbo lake. "Nilifungua Fatsa yote kwa mara moja kwa sababu niliihurumia miche. Jua likaiua, likaiua na mikubwa. Mwezi wa tisa wa mwaka ule nilikuwa nimeshajua. Mkutano ukaniuliza, nikasema ukame. Nilisema hivyo kwa sababu niliitaka nyundo, na nyumba, na sikutaka kurudi kikosini kupanda misonobari. Basi. Mkitaka kufungua Dosu, fungueni, lakini msiseme hakuna aliyewaambia."

Dada yake aliita, "Axinia!" kama mtu anayemwita mtoto aliyekaribia ukingo wa kisima.

Neculai aliirudisha kofia kichwani. Hakumtazama shemeji yake. Aliita kura kwa maneno yaleyale ya siku zote: wanaotaka mikubwa iondolewe yote kwa mara moja, juu ya njia, wanaotaka iondolewe kidogo kidogo, kama mlinzi anavyosema, chini. Watu walisogea. Baadhi waliokuwa wameshapanda walishuka, wakishikilia matawi wasiteleze. Safta alishuka akisema kwamba yeye hashuki kwa ajili ya mtu, anashuka kwa sababu huko juu kuna theluji. Neculai alihesabu mara mbili, kwa kidole. Juu thelathini na watatu. Chini hamsini na wanane.

"Kidogo kidogo," alitangaza. Halafu akakohoa. "Shemeji, unajua ninachotakiwa kusema sasa."

"Kiseme."

"Kuna kanuni."

"Naijua, Neculai. Kiseme tu, watu wana baridi."

Akaisema. Kura ya pili haikuhitajika. Kanuni haipigiwi kura. Axinia alimkabidhi nyundo, akafuta mikono yake kwenye sketi, akauliza kama kuna atakayemsaidia kuushusha ule mti uliokatwa, maana ulikuwa mzuri na si haki uachwe uoze. Wanaume wanne wakaubeba.

Mlinzi mpya akawa Toader. Hakuna mwingine aliyekubali, na yeye mwenyewe alilalamika wiki nzima. "Mimi naujua mti uliokufa," alikuwa akimwambia kila aliyeingia karakana yake. "Ulio hai hauniambii kitu." Axinia aliondoka katika nyumba ya msituni mwezi wa tano, majani mapya ya mifagi yalipokuwa bado laini na yenye manyoya, akahamia kwa dada yake. Huko aligombana na Neculai kila jioni kuhusu jiko. Neculai hujaza kuni. Yeye hutoa nusu.

"Mtu anafika kwangu anatawala hadi moshi wangu," Neculai hulalamika.

"Unaunguza miaka themanini kupasha mchuzi," humjibu.

Mwezi wa kumi na moja, majani yalipokwisha kuanguka, Toader alipanda Dosu kupiga chapa za kwanza. Kabla ya hapo alipita kwa Neculai, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema njia ni ile ile, lakini mtu akienda na mwenzake haimchoshi. Axinia alimaliza kufunga ugali na jibini kwenye kitambaa bila kumuuliza anamaanisha nini.

Walipiga chapa miti mitatu tu siku ile nzima. Kwa kila mti, Axinia alimzungusha Toader pande zote, akamfanya ainame atazame miche iliyo chini, kisha atazame juu kuona tundu litakuwa na ukubwa gani, kisha aonyeshe kwa mkono jua la saa tisa litakapoingilia. Ukingoni mwa mteremko, upande wa machweo, Toader alisimama mbele ya mfagi mnene uliopinda, wenye matawi hadi chini, usiofaa hata kwa kijiko.

"Huu je, mama? Huu ni wa kuni kabisa." Alikuwa ameshainua nyundo.

"Huo usiuguse."

"Umepinda!"

"Umepinda, lakini ndio unaoifunika yote iliyo nyuma yake. Ukiutoa huo, jua linaingia kama mlango umeachwa wazi."

Toader alishusha nyundo. "Mpaka lini?"

Axinia aliutazama ule mti, akaitazama miche iliyoufuata, akahesabu kimoyomoyo.

"Mpaka hawa wafike pale kwenye tawi la pili kutoka juu. Miaka ishirini na mitano. Thelathini."

"Nitakuwa na sabini na tano!"

"Basi utakuja na fimbo," alisema Axinia. "Twende, saa hizi kule chini bado kuna mwanga."